Q haina kazi, A imechoka

Mdau, kabla hujaendelea kusoma, itazame kibodi iliyo karibu nawe. Siyo mpya, ile iliyokula chumvi ofisini au stesheneri. Angalia herufi A. Kama kibodi hiyo inatumiwa na Waswahili, A itakuwa imefutika au inaelekea kufutika, limebaki doa linalong'aa. N, I na K ziko njiani kuifuata. Halafu angalia Q na X. Zimetulia kama zimetoka dukani leo asubuhi.

Nimeziona nyingi za namna hiyo huku Songwe, kuanzia Vwawa, Mlowo, mpaka Tunduma mpakani. Sisi waandishi wa mikoani tunaandikia popote penye umeme, kwa hiyo vidole vyetu vimepita kwenye vibodi vya kila aina. (Wataalamu wa lugha wametupa baobonye na kicharazio. Sijawahi kumsikia mtu Tunduma akiomba abadilishiwe baobonye, kwa hiyo naomba niendelee na kibodi.)

Tufanye hesabu kidogo. Chukua sentensi ambayo nimeshaiandika mara nyingi mno tangu niletwe huku: Malori yamekwama Tunduma tangu jana asubuhi. Ina herufi 38. Irabu ni 18, yaani karibu nusu. A peke yake zipo 9, karibu robo ya sentensi nzima. Q hakuna, X hakuna. Sasa A hiyo inabonyezwa na kidole gani? Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kile dhaifu kuliko vyote. Kwa wengi wetu tunaotumia mkono wa kulia, herufi tunayoitegemea kuliko zote tumeikabidhi kwa kidole kisichoweza hata kubeba kikombe cha chai.

Nani alipanga hivi?

Alikuwa mwenzetu wa magazeti. Christopher Latham Sholes alikuwa mhariri kule Milwaukee, Marekani. Hati miliki ya kwanza ya mashine yake ya kuchapa, akiwa na wenzake Carlos Glidden na Samuel Soule, ni ya mwaka 1868. Mwaka 1873 waliingia mkataba na Remington, watengeneza bunduki, na mwaka uliofuata mashine ikaingia sokoni. Ilikuwa inachapa herufi kubwa tupu. Mwaka 1878 ikaja Remington namba 2, yenye uwezo wa herufi kubwa na ndogo, na tayari mstari wa juu ulikuwa unasomeka QWERTY kama unavyosomeka leo kwenye simu yako.

Kuna hadithi ambayo huenda umeshaisikia, mimi niliisikia chuoni: kwamba jamaa alizichanganya herufi makusudi ili wachapaji waende polepole. Ni hadithi tamu, ila ushahidi wake ni mwembamba. Kweli, vile vyuma vya herufi vilikuwa vinagongana na kunasiana. Lakini kama nia ilikuwa kuzitenga herufi zinazofuatana kwenye Kiingereza, mbona E na R ziko bega kwa bega? Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, waliandika mwaka 2011 kwamba mpangilio ulibadilika kidogo kidogo kwa kuwafuata watumiaji wa mwanzo, wakiwemo wapokeaji wa telegrafu waliokuwa wakigeuza nukta na mistari ya Morse kuwa herufi. Sholes mwenyewe hakuridhika. Mpaka anafariki mwaka 1890 alikuwa bado anapangua na kupanga.

Kwa vyovyote vile, Mswahili hakuwamo kwenye mawazo yake. Matokeo yake yanachekesha. Habari ninazotuma kutoka huku nyingi ni za mambo mawili, kilimo na barabara. Mbozi kuna kahawa na mahindi, na barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati yetu. Sasa kaa kwenye kibodi kama ulivyofundishwa, vidole vyote kumi, uandike "kilimo". Ni mkono wa kulia mwanzo mpaka mwisho, wa kushoto umelala. Andika "barabara". Ni wa kushoto tupu, wa kulia unapunga upepo. Na "ripoti", neno linalotulisha, lipo lote kwenye mstari wa juu.

Wapo watakaosema basi tuhamie kwa Dvorak. August Dvorak, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alipata hati miliki ya mpangilio wake mwaka 1936. Irabu zote tano aliziweka mstari wa kati, mkono wa kushoto. Ukisikia hivyo unadhani alitufikiria sisi, kwa sababu maneno yetu ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kwa hiyo mikono ingepokezana kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Lakini alihesabu herufi za Kiingereza. K, P, Y na J kaziacha upande ule ule wa irabu. Jaribu "kupika" kwenye Dvorak: herufi zote sita mkono wa kushoto. "Kikapu", hivyo hivyo. Asante, profesa.

Kwa hiyo QWERTY tumeipata kwa njia ile ile tuliyopata mambo mengine mengi, ililetwa na mkoloni aliyekuwepo. Mstari wa mpaka unaopita hapa Tunduma ulitokana na makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890. Wajerumani huko kwao wanatumia QWERTZ, ambapo Y na Z zimebadilishana nafasi, kwa kuwa Z ina kazi kubwa kwenye lugha yao na Y haina. Jenerali wao, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 Abercorn, ambayo leo ni Mbala, upande wa pili wa mpaka wetu huu. Vita vingeisha vingine, ofisi zetu zingejaa QWERTZ. Tungezizoea, wala tusingejua kama kuna kingine. Ila leo mtu wa QWERTY akikaa kwenye mashine ya Kijerumani bila kuangalia, anataka kuandika "zaidi ya yote" inatoka "yaidi za zote". Zambia inakuwa Yambia. Yanga inakuwa Zanga, na najua wapo wa Msimbazi watakaoona hilo ni sawa tu.

Waingereza wakashika nchi, na mashine zao zikawa QWERTY. Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho sasa kimo ndani ya Chuo cha Utumishi wa Umma, kikatoa makatibu muhtasi waliochapa bila kutazama mashine, na hatimkato juu yake. Hao mabibi ndio waliokiweka Kiswahili cha serikali kwenye karatasi. Ukikutana na mmoja, hata kama amestaafu, mpe kibodi uone.

Mimi nimekutana na aliyepita mikononi mwao, na nilimkuta mahali ambapo nilihitaji sana msaada.

Kuna stesheneri moja Tunduma ninayoikimbilia bando likiniishia. Siku hiyo malori yalikuwa yamejipanga hadi huku juu, kompyuta ya mezani ilikuwa imekufa, na dada wa pale akanipa laptop aliyomuuzia dereva mmoja aliyetoka nayo Lubumbashi. Nikaingiza paswedi ya barua pepe. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Paswedi yangu inajulikana na vidole, kichwani haipo vizuri, kwa hiyo sikuwa natazama vitufe. Mara ya tatu dada akacheka.

"Kaka mwandishi, hiyo ya Kongo. A iko kwa Q."

Nikatazama chini. AZERTY! Huo ni mpangilio wa Wafaransa wa mwishoni mwa karne ya 19, Wabelgiji wakaufuata, na Wabelgiji ndio waliotawala Kongo. A imepanda kwenye nafasi ya Q, Z imechukua nafasi ya W, na M imehama kutoka mstari wa chini ikaenda kukaa kulia kwa L. Tarakimu huzipati mpaka ubane Shift. Ukiandika "mwaka" kwa vidole vya Tanzania inatoka ",zqkq". "Wazazi" inatoka "zqwqwi". Ng'ombe anakuwa "ngùo,be", na huyo sijui atauzwa mnada gani.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu mji huu. Ukivuka mstari kwenda Nakonde, pesa inabadilika kutoka shilingi kuwa kwacha, lakini kibodi ni ile ile, maana Zambia nako alikuwa Mwingereza. Mpaka wa kibodi uko mbele zaidi, Kasumbalesa, lori linapotoka Zambia kuingia Kongo. Lugha haikatiki pale. Mtu wa Lubumbashi anaongea Kiswahili, chake, chenye ladha yake, na dereva wa Tunduma anakielewa. Wanaongea lugha moja na wanaichapa kwa vidole tofauti.

Dada hakuwa na muda wa falsafa zangu. Alibonyeza vitufe viwili, laptop ikageuka QWERTY, akaanza kuchapa huku ananiangalia usoni. Amesoma uhazili Tabora. Kwake maandishi juu ya vitufe ni rangi tu. Mimi ninayechungulia chini nilikuwa nimepotea kabisa, kwa sababu sasa kitufe kilichoandikwa Q kilikuwa kinatoa A. Mwisho nikasimama nikawa namsomea habari, yeye anachapa. Habari ilifika chumba cha habari kabla ya saa kumi, haina hata kosa moja la tahajia, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kwenye mashine ya kuchapa, herufi ilikuwa chuma. Kuibadilisha ilibidi ufungue mashine. Kwenye kompyuta, mpangilio ni programu, sekunde mbili unabadilika. Kilichobaki kigumu ni vidole. Uturuki walijaribu kuviwahi: mwaka 1955, kwa kazi ya mwalimu wa uchapaji İhsan Sıtkı Yener, walihesabu herufi za maneno yao na kutengeneza mpangilio wao, kibodi F, wakaufundisha na kuutumia ofisini. Kisha kompyuta zikaingia na QWERTY, na leo Waturuki wengi wanachapa kwa QWERTY iliyoongezewa herufi zao. Wafaransa nao mwaka 2019 walitoa kiwango kipya cha AZERTY ili É na Ç kubwa zipatikane bila kuhangaika. Kiwango kimetoka, ila madukani vibodi vya zamani bado ndivyo vilivyojaa.

Kwetu marekebisho ya kweli yaliletwa na kitochi, na hakuna kamati iliyokaa. Mnakumbuka "xaxa"? Dada yangu mkubwa alikuwa anaandika "xaxa" na "xana", baba anafoka kwamba shule anamlipia ada bure. Nimekuja kuhesabu. Kwenye simu ya vitufe, S iko kwenye 7 na unaibonyeza mara nne. X iko kwenye 9, mara mbili. "Sasa" ni mibonyezo 10, "xaxa" ni 6. "Sijui" ni 13, "cjui" ni 9. Na SMS ilikuwa na nafasi 160 tu, ukizidi unalipia ya pili. Huku ndiyo usiseme, maana majina ya wanaume wa Kinyamwanga na Kinyiha yaliyoanza na Si- yamejaa tele. Mibonyezo saba kabla hujaanza jina lenyewe. X, herufi ambayo Kiswahili hakikuipa kazi, ikapata ajira kwa sababu kitufe chake kilikuwa cha bei nafuu. Simu za kugusa zimekuja, S ni mguso mmoja sawa na X, na bado wapo wanaoandika "xaxa".

Kwa hiyo sidai kibodi ya Kiswahili. Kijana wa Tunduma akijifunza hapa anaweza kwenda Nairobi au Lusaka akakaa akachapa, na hilo lina thamani kuliko kukipumzisha kidole changu kidogo. Kwa kweli tuna bahati. Herufi zetu zote zimo. Waganda wana ŋ kwenye alfabeti yao, ngoma kwao ni "eŋŋoma", lakini kibodi haina, wengi wanaandika ng'. Wakikuyu wana ĩ na ũ. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, ukitaka kuandika jina lake sawasawa, lazima upitie menyu mbili.

Lakini umeona hicho kijialama mwishoni mwa jina lake? Hicho ndicho kinachotutoza ushuru. Kinaitwa ritifaa, mtaani ni koma ya juu. Kiswahili kilikataa herufi mpya ya sauti ya ng'ombe, kikaazima alama ya Waingereza, na kwenye taipureta haikuwa na shida, ilikuwa moja tu. Kwenye kompyuta zipo angalau tatu: iliyonyooka, iliyopinda kulia na iliyopinda kushoto. Word inaipindisha yenyewe bila kukuuliza. Kwa jicho lako ni kitu kimoja, kwa mashine ni vitu vitatu, na ukitafuta jina kwa moja unaweza usilipate lililohifadhiwa kwa nyingine. Tena ile iliyonyooka, kwenye lugha inayotumika kuzungumza na hifadhidata nyingi, maana yake ni "maandishi yameishia hapa". Mtengeneza mfumo makini anajua la kufanya. Mvivu anaipiga marufuku.

Nina mzee mmoja ninayemfahamu Momba, Msukuma aliyehamia huku na mifugo. Jina lake linaanza na Ng', kama majina mengi ya kwao. Alikuwa anaomba mkopo. Kadi yake moja ina ritifaa, ya pili haina, ya tatu imeachwa nafasi tupu, jina limekatika vipande viwili. Kwenye dirisha la benki, ambayo siitaji, aliitwa mara tatu hakuinuka. Siyo kwamba hasikii. Binti alikuwa anasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa, bila ile alama, si jina lake. Ni "nga" ya ngazi badala ya ng' ya ng'ombe. Kisha akaambiwa karatasi zake ni za watu watatu.

"Kijana wangu," aliniambia, "ng'ombe wangu kila mmoja ana chapa na hakuna anayebishana. Mimi chapa yangu wanaifuta, halafu wananiuliza mimi ni nani."

Alitakiwa alete kiapo cha wakili kwamba majina yote matatu ni yeye. Nilimpeleka kwa yule dada wa stesheneri. Kila alipoandika jina la mzee Word iliipindisha ritifaa, naye akabonyeza Ctrl na Z, ikanyooka. (Ishikeni hiyo, wadau, inafanya kazi.) Mzee alikaa kwenye benchi anafuatilia kioo, akataka aonyeshwe alama yake kila ilipojitokeza. Dada akamwonyesha zote. Wakili akasaini, akapiga mhuri, mzee akalipa.

Benki walikipokea kiapo wiki hiyo hiyo. Akaunti imefunguliwa, na jina lililomo kwenye mfumo wao halina ritifaa.